Azabu ya Valverde iliisha, masemi haikuisha

Tarehe 30 Septemba 2018, kule Innsbruck, Austria, Alejandro Valverde wa Hispania alishinda mashindano ya dunia ya kinga. Alikuwa na miaka 38. Mbele ya pale alikuwa amepata medali sita, lakini ya zahabu hata moja.

Wapenzi wa kinga wakagawanyika. Wengine walishangilia muzee aliyevunjika goti kwenye Tour de France 2017, akarudia. Wengine wakakumbusha mufuko wa damu uliokamatwa mwaka 2006 kwa daktari Fuentes: wapelelezi wa Italia waliupima, wakaona damu ni yake. Alisimamishwa miaka miwili, akarudia 2012.

Sisi wa sendika tunasema: mutu akimaliza azabu, arudie kazini, na kazi yake ihesabiwe sawa na ya wengine. Haiko haki kumuazibu mara mbili. Lakini wenye kununa nao wana sababu: Valverde hajakubali kosa hata siku moja. Azabu inafunga kesi. Kinywa ya watu inafungwa na ukweli tu.