Hesabu Ndama Kabla ya Kumwuza Fahali

Kila mfugaji akaaye katika nchi ya kupe aijua ndigana. Ndama huvimba tezi chini ya sikio, homa humpanda, huacha kunyonya, kisha pumzi humwia nzito na povu humtoka puani. Akikawia kupata dawa, hufa. Lakini wafugaji wengi wajua na jambo la pili, ingawa ni nadra kulitaja mbele ya Bwana Mifugo: wako ndama ambao huugua kidogo tu wakapona, na pengine utakuta baba yao ni mmoja.

Basi msiliite jambo hilo bahati. Mwaka 2022 wataalamu wa ILRI hapa Nairobi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, walitoa habari za fahali mmoja wa Boran. Katika majaribio yao ya ndigana walikuwa wameona ya kuwa watoto wake hupona pale ambapo wengine hufa. Ndipo wakachukua damu za ukoo wake na kusoma jenomu zao.

Jenomu ni maandiko yaliyomo ndani ya kila kiumbe, ng'ombe, mhindi, hata kupe mwenyewe, yanayoamua atakuwa wa namna gani. Ya ng'ombe ina herufi karibu bilioni 3, na zote ni za aina nne tu. Mara ya kwanza kutangazwa ilikuwa mwaka 2009, nayo ilisomwa katika ng'ombe jike wa aina ya Hereford, wa Marekani. Lakini kusoma mnyama mmoja hakutoshi. Huwezi kujua bei ya soko kwa kumwuliza mchuuzi mmoja. Faida huja ukisoma wengi na kuwalinganisha, waliopona kwa waliokufa. Hivyo ndivyo walivyopata mahali penye tofauti, katika jeni iitwayo FAF1B. Ndama aliyerithi maandiko hayo kwa baba na kwa mama alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko wenzake. (Kidudu cha ndigana huingia katika chembe nyeupe za damu na kuzifanya ziongezeke bila kiasi, ndiyo maana tezi huvimba.)

Mtu ataniambia, "Hiyo ni kazi ya wenye mashine, mimi nina ng'ombe sita." Sikubali. Mashine husoma herufi, lakini haijui ni ndama yupi aliyekufa Jumanne, wala baba yake ni nani. Kama fahali yule wa Boran asingeandikwa katika daftari, na watoto wake pia, asingejulikana. Angalikwenda kwa mchinjaji na siri yake.

Na wangapi wa namna hiyo tumekwisha kuwauza? Mwaka 2020 zilitangazwa habari za jenomu za ng'ombe 172 wa kienyeji wa Afrika, wa aina 16. Zaonyesha ya kuwa ng'ombe wenye nundu walichanganyika na ng'ombe wa zamani wa Afrika yapata miaka 750 hadi 1,050 iliyopita. Tangu hapo kupe, mbung'o na kiangazi vimekuwa vikichagua nani aishi. Sisi twaweza kuifuta kazi hiyo kwa muda mfupi. Tazameni kondoo mwekundu wa Kimaasai, ambaye minyoo haimwezi upesi. Tulimpandisha kwa Dorper kila mahali kwa sababu Dorper ni mkubwa, na leo kumpata mwekundu halisi ni shida.

Simkatazi mtu ng'ombe wa gredi. Maziwa yake ndiyo yalipayo karo. Wala msiache josho, wala chanjo ya ndigana iliyotengenezwa kule Muguga, maana ng'ombe aliyepona aweza kubaki na kidudu mwilini, kupe akakichukua na kukipeleka kwa ndama wa jirani. Nisemalo ni kwamba fahali wa kienyeji asihukumiwe kwa umbo lake tu.

Nunua daftari la shule. Kila ndama azaliwaye, andika mama yake, fahali aliyempanda mama huyo, na siku ya kuzaliwa. Akiugua, andika. Akifa, andika pia, hata kama yauma. Baada ya misimu mitatu mpelekee Bwana Mifugo daftari hilo, umwambie azitazame namba za kila fahali. Na kabla ya kumwuza fahali ambaye ndama wake wamepona wengi, mwambie kwanza.

Kwa upande wa Serikali nina neno moja. KAGRC kule Kabete huuza mbegu za mafahali wa Boran na Sahiwal pamoja na za ng'ombe wa maziwa. Yafaa orodha ya mafahali hao ionyeshe kama fahali amepimwa jeni hiyo ya FAF1B, na amekutwa na nini. Mfugaji wa Kilifi au Kisii, akaaye katikati ya kupe, angependa kulijua hilo kabla ya kutoa fedha zake.