KARATI NI NINI?



Mtu wa Mwadui, Shinyanga, husema "karati". Mtu wa Geita naye husema "karati". Neno ni moja, lakini maana ni mbili. Usipozijua zote mbili, unaweza kupunjwa.

Tuanze na Mwadui, kwenye almasi. Kwa almasi, karati ni uzito. Karati 5 ni sawa na gramu 1. Kwa kifupi huandikwa "ct". Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya rangi ya waridi, yenye karati 54.5. Bwana Williamson, mwenye mgodi, alimzawadia Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza. Ukisikia 54.5 utadhani ni jiwe zito sana. Sivyo. Uzito wake haukufika gramu 11.

Sasa twende Geita, kwenye dhahabu. Kwa dhahabu, karati si uzito. Karati ni usafi. Dhahabu safi ni karati 24. Kwa kifupi huandikwa "24K". Ukiona "18K", maana yake ni hii: gawa pete hiyo mafungu 24 yaliyo sawa. Mafungu 18 ni dhahabu. Mafungu 6 ni shaba au madini mengine.

Herufi K hapa si kilo. Kilo huandikwa "kg", na gramu huandikwa "g".

Fikiri unanunua pete ya mchumba wako. Muuzaji anakuonyesha maandishi ndani ya pete: "18K". Anasema, "Tazama, hii ni gramu 18." Ukikubali, umeliwa. Mwambie aiweke kwenye mizani. Huenda ni gramu 4 tu.

Na wewe unayeuza dhahabu, uliza mambo mawili. Kwanza, ina uzito gani? Pili, ina usafi gani? Bei ya haki hutokana na yote mawili. Mjini Geita kuna soko la dhahabu tangu mwaka 2019. Uza huko, na usome mwenyewe namba za mizani. Usisomewe na mtu, maana sasa unajua kusoma.

ZOEZI: Pete imeandikwa 18K. Mizani inaonyesha 4 g. Je, ina gramu ngapi za dhahabu safi?

JIBU: Gramu 3. Gramu 1 ni madini mengine.

Mfundishe na jirani yako.