Mizani isiyokaa kwenye sifuri: usizungushe skrubu kabla hujajua sababu

Ndugu wakulima na wafanyabiashara wa mazao, msimu wa ufuta umefika huku kwetu kusini, na maneno ya mizani yameanza kama kila mwaka. Mkulima anasema kaibiwa. Mnunuzi anasema mizani ni nzima, ina stika. Wote wawili wanaitazama mizani ile ile, na mshale wake umesimama pembeni ya sifuri wakati ndoano haijabeba kitu.

Msimamo wangu ni huu, na najua baadhi yenu hamtaupenda: mizani inayotaka kurudishwa kwenye sifuri kila baada ya muda mfupi isipime mazao ya mtu mpaka sababu ipatikane. Kinachofanyika sasa vijijini ni kwamba mshale ukihama, mwenye mizani anazungusha skrubu ya sifuri, anaendelea na kazi. Baada ya magunia kumi umehama tena, anazungusha tena. Wateja wanaona ni mtu mwaminifu kwa sababu anarekebisha mbele yao, na huenda kweli ni mwaminifu. Lakini sifuri kuhama ni kama homa. Ukimeza dawa ya kushusha joto bila kupima malaria, joto litashuka na ugonjwa utabaki pale pale.

Kwanza tuelewane kwa nini jambo hili ni kubwa. Mizani ina makosa ya aina mbili. Lipo kosa linalokua pamoja na mzigo: kilo 50 zikisomeka 49, kilo 100 zitasomeka 98. Halafu lipo kosa la sifuri, ambalo halijali mzigo hata kidogo. Kama mshale unaanzia kilo 1 chini ya sifuri, kila unaponing'iniza kitu unapoteza kilo 1, kiwe kiroba cha kilo 15 au gunia la kilo 90.

Piga hesabu sasa. Mkulima ana ufuta kilo 270 katika magunia 3. Anapimiwa mara 3, anapoteza kilo 3. Mama mwingine ana kilo 270 zile zile, lakini anauza kidogo kidogo kadiri shida zinavyokuja, kilo 15 leo kwa ajili ya sare za shule, kilo 15 wiki ijayo kwa ajili ya dawa. Huyu anapimiwa mara 18, anapoteza kilo 18. Tuseme kilo moja ni shilingi 3,000, kwa ajili ya hesabu tu. Wa kwanza kapoteza shilingi 9,000, wa pili 54,000. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia "ni kilo moja tu, bwana shamba". Kilo moja hiyo inamuuma zaidi aliye na kidogo.

Na msidhani siku zote anayeumia ni mkulima. Mshale ukianzia juu ya sifuri, anayelia ni mnunuzi mdogo wa kijijini, yule mwenye mtaji wa mkopo wa kikundi. Analipia kilo ambazo hakuzipata, anafika ghalani mzigo unapungua, anaanza kuwashuku vijana wake wa kupakia. Msimu unaofuata anashusha bei ili kufidia hasara ambayo hakuijua ilikotoka.

Jinsi ya kujua kama sifuri inakaa au haikai ni rahisi, wala haihitaji jiwe la serikali. Tazama mizani ikiwa tupu. Pandisha gunia zito, liache litulie, lishushe, tazama sifuri tena. Rudia mara tatu. Mshale ukirudi pale pale mara zote tatu, sifuri inakaa. Ikiwa ulikuwa pembeni tangu mwanzo lakini haukusogea, hiyo imehamishwa mara moja, labda na kijana aliyegusa skrubu, na hapo kuirudisha kunatosha. Lakini ikiwa kila ukishusha gunia mshale unasimama mahali papya, kuna kitu kimelegea, kinakwama, au kimechoka. Skrubu ya sifuri haiwezi kuponya hata kimoja kati ya hivyo.

Askari wa wanyamapori wanalijua jambo hili kwenye bunduki zenye darubini. Risasi zikianza kwenda pembeni, mtu mwenye akili hakimbilii kirekebisho cha darubini. Anaangalia kwanza skrubu zinazoishika darubini juu ya bunduki, kwa sababu zikiwa zimelegea atarekebisha asubuhi na mchana lengo litakuwa limehama. Fanya vivyo hivyo na mizani: anza na kinachoishika, ndipo uende ndani.

Kwa mizani ya saa ya kuning'iniza, ambayo ndiyo wengi mnayo, tazama inapofungwa. Kamba ya katani iliyochakaa inajivuta na kujizungusha, mizani inakaa upande. Tawi linalopinda linaifanya ibembee, na gunia linagusa mguu wa anayesoma. Tafuta boriti imara na mnyororo. Kisha tazama ndoano. Nimeona ndoano zilizonyooka kwa kubebeshwa magunia ya lumbesa, na mizani ya kilo 100 iliyobeba kilo 130 haisahau. Springi iliyovutwa kupita uwezo wake hairudi yote. Hapo ndipo sifuri inapoanza kutembea, na fundi hawezi kuikaza irudi kuwa changa, hubadilishwa. Hii ni sababu nyingine ya kuichukia lumbesa, ukiacha ile ya kisheria.

Baada ya ndoano, kioo. Gusa kioo taratibu kwa kidole wakati mizani ni tupu. Mshale ukiruka kidogo ukatulia mahali pengine, kuna msuguano ndani: vumbi la ufuta, kutu kwenye meno ya gurudumu, au mshale wenyewe umepinda unakwaruza uso wa saa. Wapo wafanyabiashara ambao kabla ya kusoma hugonga mizani kwa kiganja, wanadhani ni mbwembwe za kazi. Kwa kweli mkono wao umeshajua kwamba mizani inakwama.

Jambo la mwisho kwa mizani hizi ni jua. Chuma cha springi kikipata joto hulegea kidogo. Tofauti ni ndogo, lakini haigharimu kitu kuiweka mizani kivulini na kuiacha ipoe kabla ya kuanza.

Mizani za kidijitali zina tabia zake, na hapa ndipo watu wanapodanganyika zaidi, kwa sababu namba nyekundu zinaonekana kama haziwezi kusema uongo. Nyingi ya hitilafu za sifuri nilizoziona kwenye mizani hizi zilikuwa chini ya sahani, si ndani ya mashine. Inua sahani utazame. Punje za mahindi, mawe madogo, hata sisimizi waliojenga humo. Punje moja ikikaa kati ya sahani na fremu inabeba sehemu ya mzigo, na sehemu hiyo mizani haiioni. Safisha kwa brashi kavu, usimwagie maji.

Halafu ardhi. Miguu yote minne iguse chini, na kama ina kiputo cha pima maji, kiwe katikati. Ukiiweka kwenye udongo wa kichanga, kila gunia linaizamisha kidogo upande mmoja. Tandika ubao mnene au iweke kwenye sakafu ya saruji. Turubai chini ya mizani sikushauri, hujikunja.

Betri ikiisha nguvu, namba huanza kucheza. Iwashe dakika kumi na tano kabla ya mteja wa kwanza, ipate kutulia. Iwashe sahani ikiwa tupu kabisa, maana chochote kilichopo juu yake wakati wa kuwasha kinaweza kuchukuliwa kuwa sifuri. Ukikiondoa utaona namba zenye alama ya kutoa mbele yake. Usiache gunia juu yake usiku kucha. Na tafadhali, gunia lishushwe, lisitupwe. Ndani kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana ili kuhisi uzito, mafundi wanakiita lodi seli. Kikipinda kupita kiasi kwa kishindo cha gunia lililotupwa toka begani, kinabaki kimepinda.

Kipimo kimoja zaidi kwa za kidijitali: chukua mzigo mmoja wa kilo 20 hivi, uweke kona ya kwanza, soma, kisha kona ya pili, mpaka ya nne. Namba zikitofautiana wazi kati ya kona na kona, usihangaike nayo zaidi. Ni ya fundi.

Na fundi si yeyote mwenye bisibisi. Kwa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, mizani ya biashara huhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka, hupewa stika na hufungwa lakiri. Kusafisha, kusawazisha, kubadilisha betri, kufunga vizuri kunakoonekana kwa nje, hayo ni yako. Kufungua ndani na kukata lakiri si yako. Ni ya fundi mwenye leseni ya Wakala, na baada ya matengenezo mizani lazima ihakikiwe upya kabla ya kurudi kazini. Nasikia watu wakisema "lakini ina stika ya mwaka huu". Stika inasema siku ya uhakiki mizani ilikuwa sawa. Haijui kwamba wiki iliyopita ilidondoka kwenye bodaboda.

Najua hoja ya wanunuzi: foleni ni ndefu, gari linasubiri, nikisimamisha kupima kila mara nitakesha. Kupandisha na kushusha gunia mara tatu hakumalizi dakika tano. Fanya asubuhi, fanya baada ya chakula cha mchana, na fanya kila mizani inapohamishwa. Wengine wanasema hawana mizani ya akiba. Basi wawili au watatu mnaonunua kijiji kimoja kubalianeni kuazimana. Mnashindana kwa bei, si lazima mshindane kwa mizani. Na kwenye vyama vya msingi, ningependa kuona karani akiandika usomaji wa sifuri kwenye daftari asubuhi na jioni. Ni mstari mmoja tu, lakini ukiyasoma madaftari ya wiki mbili utaiona mizani inavyougua kabla mtu hajagombana.

Kwako mkulima, kuomba kuona sifuri si kumwita mtu mwizi. Sema tu, "Kaka, nioneshe sifuri kwanza, tuanze." Mnunuzi akikasirika kwa hilo, ondoka na mzigo wako. Akikuonesha na ukakuta imehama, usianze kupiga kelele sokoni. Mwambie mpime mara tatu pamoja. Mimi nimeshuhudia mnunuzi akigundua kwa njia hiyo kwamba yeye ndiye aliyekuwa anapunjwa na mizani yake mwenyewe, akaifunga siku ile ile.

Ukiipeleka kwa fundi, ifungie kwenye boksi lenye maranda au nguo, itoe ndoano, na ile ya kidijitali itoe sahani yake ibebwe kando. Mwandikie fundi kwenye karatasi ulichokiona: inahama baada ya mizigo mingapi, inahamia juu au chini, na ilianza lini. Bila hayo ataitazama ikiwa tupu na imetulia mezani kwake, atakwambia ni nzima.