Mkague mwanao mgongo

Kalinzi, binti anapoonekana bega moja limepanda kuliko jingine, ni rahisi kulaumu ndoo ya maji au mzigo wa kahawa. Sivyo. Mara nyingi chanzo cha uti wa mgongo kupinda upande hakijulikani, na tatizo huongezeka mtoto anaporefuka haraka, hasa wasichana wa miaka 10 hadi 15.

Kipimo cha kwanza hakina mionzi. Mtoto aache mgongo wazi, abane miguu, ainame mikono ikining'inia. Upande mmoja ukiinuka, mpeleke hospitali.

Eksirei huthibitisha, lakini ikirudiwa mno hatari itokanayo na mionzi huongezeka. Penye vifaa na wataalamu, ultrasaundi husaidia kufuatilia bila mionzi. Mzazi, muulize daktari: “Picha ya leo ni ya lazima?” Ikiwa ni ya lazima, usiikatae.