MWAMBA NGOMA HUVUTA NGOZI KWAKE

Wako watu wengi, na baadhi yao ni wenzetu wa mezani, ambao wakisikia kwamba Kongresi ya Marekani inajadili mswada wa fedha za msaada kwa nchi za nje, hudhani kwamba waheshimiwa wale wameketi ili kuulizana neno moja tu: je, tuwape maskini au tuwanyime? Wakisikia mswada umepita, hushukuru. Wakisikia umeanguka, huhuzunika. Na shauri limekwisha. Sisi twasema kwamba hayo ni mawazo ya mtu aliyesoma anwani ya barua asiifungue bahasha. Karani yeyote aliyeshika majalada kwa miaka miwili ajua kwamba barua yenyewe imejaa salamu na heshima, na neno lenye nguvu limo katika maandishi madogo ya pembeni yaliyotiwa saini na mkubwa. Maandishi ya pembeni ya mswada ndiyo yale yaitwayo marekebisho, na humo ndimo ngozi ya ngoma inamovutwa.

Twataka kueleza habari za chakula cha msaada, kwa kuwa chakula ni kitu kionekanacho. Chahesabika kwa magunia, na kila mtu aweza kuifuata safari yake kutoka shambani hata chunguni.

Mwaka 1954 Rais Eisenhower alitia saini sheria iliyojulikana kwa namba yake, 480, ambayo kwayo nafaka zilizowazidi wakulima wa Marekani zingeuzwa kwa masharti mepesi au kutolewa bure kwa nchi zenye shida. Sheria ile haikuficha kusudi lake. Katika jina lake refu ilitangulia biashara ya mazao ya kilimo, na neno msaada likafuata nyuma kama mtumishi afuatavyo bwana wake. Mwaka huo huo sheria ya pili iliamuru kwamba angalau nusu ya shehena za namna hiyo zichukuliwe na meli zenye bendera ya Marekani. Mwaka 1985 wenye meli wakapata zaidi: kwa chakula cha msaada ile nusu ikapandishwa hata asilimia 75. Ikakaa hivyo miaka 27, na mwaka 2012 ikarudishwa kuwa 50. Katika kupanda na kushuka huko, njaa ya mtu wa Afrika haikuwa kipimo. Kipimo kilikuwa ni nguvu ya wenye meli, ya vyama vya mabaharia, na ya wasagaji na wauzaji wa nafaka, na ya wajumbe waliochaguliwa na miji yenye bandari.

Basi tutazame hesabu, nazo si hesabu zetu, ni za mkaguzi wa Kongresi yenyewe. Mwaka 2007 alitoa taarifa kwamba katika mpango ulio mkubwa kuliko yote ya chakula cha msaada, karibu asilimia 65 ya fedha ziliishia katika uchukuzi na gharama za kuendesha kazi. Yaani katika kila dola 100 zilizotangazwa kuwa ni za kulisha wenye njaa, chakula chenyewe kilipata dola 35. Mwaka 2009 mkaguzi huyo akarudi tena na kuonyesha kwamba chakula kilichonunuliwa katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara kilikuwa na gharama pungufu kwa asilimia 34 kuliko chakula cha aina ile ile kilichotoka Marekani. Na kwa habari ya muda, chakula cha Marekani kilikwenda kwa wastani wa siku 147, cha nchi jirani siku 41, na cha nchi yenyewe siku 35. Siku 147 zatosha mkulima wa Songea kupanda mahindi na kuyaona yamekomaa. Mtoto mwenye njaa hawezi kungoja hivyo, wala mama yake.

Liko na jambo la ajabu zaidi, ambalo wengi hawakupata kulisikia. Sheria ilizitaka jumuiya za hisani ziuze sehemu ya chakula hicho katika masoko ya nchi zilizopewa, ili zipate fedha za kuendeshea kazi zao. Tazameni safari hiyo: nafaka inanunuliwa Marekani kwa fedha za Serikali, inavushwa bahari kwa nauli kubwa, inauzwa Afrika karibu na mkulima ambaye naye ameleta gunia lake sokoni, na fedha zinazobaki ndizo zinazochimba kisima. Mkaguzi alihesabu mwaka 2011 kwamba katika miaka 3 njia hii ilipoteza dola milioni 219. Jumuiya ya CARE ilikuwa imekwisha kutangaza mwaka 2007 kwamba ingeiacha kabisa ifikapo 2009, ingawa ilikuwa ikiipatia kiasi cha dola milioni 45 kwa mwaka. Twawapa heshima yao. Si kawaida mtu kukataa riziki kwa sababu imekuja kwa njia mbaya.

Wala msidhani kwamba katika Marekani hawakuwako watu wa haki. Serikali ya Rais Bush iliomba mara kwa mara, tangu mwaka 2005, ruhusa ya kutumia hadi robo ya fedha zile kununua chakula karibu na wenye njaa. Kongresi ilikataa, na mwaka 2008 ikatoa dola milioni 60 za kujaribia tu, tena zigawanywe kwa miaka kadhaa. Serikali ya Rais Obama ikaleta shauri kubwa zaidi mwaka 2013. Ndipo siku ya tarehe 19 Juni 2013, Mheshimiwa Edward Royce wa California na Mheshimiwa Eliot Engel wa New York, watu wa vyama viwili vishindanavyo, na kila mmoja mkubwa wa upande wake katika Kamati ya Mambo ya Nje, walipoleta mbele ya Baraza la Wawakilishi marekebisho katika mswada wa kilimo, ili hadi asilimia 45 ya fedha za chakula cha msaada zipate uhuru wa kununua mahali popote panapofaa. Tazameni unyenyekevu wa ombi hilo: zaidi ya nusu ingali ingebaki kwa wakulima wa Marekani. Kura zikapigwa. Waliokubali walikuwa 203, waliokataa 220. Watu 9 tu wangaligeuza kura zao, jambo lingalipita.

Siku ya pili yake mswada wote ulianguka kwa kura 195 dhidi ya 234, kwa ugomvi mwingine kabisa, uliohusu chakula cha maskini wa Marekani wenyewe. Sheria iliyopatikana mwaka 2014 ililegeza kamba kidogo.

Hoja za wale 220 zastahili kujibiwa, maana hazikuwa za wajinga. Walisema kwanza kwamba nchi yao yahitaji mabaharia wake siku ya vita, na shehena za chakula ndizo zinazowapa kazi siku za amani. Yawezekana ni kweli. Lakini kila karani wa hesabu ajua kwamba gharama huandikwa katika fungu lake. Kama mabaharia ni wa vita, walipwe katika fungu la vita. Kulipa gharama za vita katika fungu la njaa, huku kwetu huitwa kutumia fedha kwa kazi isiyokusudiwa, na mtu hupelekewa barua ya Mkaguzi kujibu kwa nini asikatwe mshahara.

Walisema pili kwamba fedha taslimu huibwa. Hatutawakanushia, tunaishi huku na twawajua wezi wetu. Lakini hata magunia huibwa, na yenye bendera hayana kinga kuliko yasiyo na bendera. Dawa ya wizi ni ukaguzi, na ukaguzi waweza kufanyika Sumbawanga kama ufanyikavyo katika bandari zao.

Walisema tatu kwamba mkulima wa Marekani asipopata faida hatakuwa na moyo wa kuwasaidia wengine. Hoja hii ndiyo iliyotuumiza kuliko zote, kwa kuwa imesemwa na wale wanaojiita rafiki zetu. Maana yake ni kwamba huruma haina nguvu mpaka ilipwe ujira. Ikiwa ndivyo, basi na iitwe biashara, nasi tutaketi mezani kama wanunuzi, tukiuliza bei na kukagua mali, wala hatutadaiwa shukrani juu ya ujira.

Atajibu mtu: mali ni yao, na mwenye mali hapangiwi. Ni kweli, wala hatusemi kwamba tuna haki juu ya hazina ya watu wengine. Wala hatukanushi kwamba magunia yale yameokoa roho nyingi, katika Ethiopia miaka ya 1984 na 1985, na katika mahali pengi baada ya hapo. Tunalokataa ni kuhesabiwa deni la kitu ambacho hatukukipokea. Ikiwa dola 65 katika 100 zililipa wachukuzi, manahodha na maofisi, zisiandikwe katika daftari la ukarimu kwa jina letu.

Sasa tuje mwaka 2025, ambapo ngozi ilivutwa hata ikapasuka. Mwezi wa Januari Rais Trump alisimamisha msaada wa nje kwa siku 90 ili uchunguzwe. Mwezi wa Februari mkaguzi wa idara yenyewe ya msaada alitoa taarifa kwamba chakula cha thamani ya dola milioni 489, kilichokuwa bandarini, njiani na maghalani, kilikuwa katika hatari ya kuharibika. Siku ya pili yake akaachishwa kazi. Hata mwezi wa Julai karibu tani 500 za biskuti za kutia nguvu, zilizowekwa ghalani Dubai, zilikuwa zimepita muda wake, na shauri likawa ni kuzichoma moto. Mwezi huo huo Kongresi ilijadili sheria ya kurudisha hazina fedha ambazo ilikwisha kuziidhinisha. Seneti ilikesha ikipigia kura marekebisho, na katika hayo ziliokolewa dola milioni 400 za mpango wa UKIMWI. Jumla ya kurudishwa, iliyokuwa dola bilioni 9.4, ikawa 9, na zilizo nyingi katika hizo ni za msaada wa nje. Seneti ilipitisha kwa kura 51 dhidi ya 48, Baraza la Wawakilishi kwa 216 dhidi ya 213. Kura 3! Juu ya kura 3 za watu ambao hawajawahi kuona zahanati ya kwetu zilining'inia dawa na mishahara ya watu tunaowajua kwa majina.

Hapa yatupasa kugeuza uso. Ni nani aliyeziweka dawa zile mahali pa kuning'inia? Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kwamba asilimia 15 ya bajeti zao ingekwenda kwa afya. Mwaka 2003 walikutana Maputo wakaahidi asilimia 10 kwa kilimo. Hapakuwa na Mmarekani aliyewalazimisha. Tangu hapo nchi nyingi hazikufika huko, nasi makarani tumekuwa tukiandika makadirio ya kila mwaka na kujaza pengo kwa maneno yale matamu, “fedha za wahisani,” kana kwamba mhisani ni mto usiokauka. Waheshimiwa wetu hugombana siku nzima juu ya posho na magari. Fungu la wahisani hupita kwa kusomwa tu. Marekani wabunge 423 walipiga kura juu ya mahali pa kununua mahindi tutakayokula sisi. Mabunge yetu ya Afrika ya Mashariki yameketi siku ngapi kwa jambo hilo hilo?

Kanuni za kazi zatukataza siasa, nasi twazitii. Lakini kusoma hesabu si siasa, ndiyo kazi tuliyoajiriwa. Twaomba mambo haya yapelekwe kwa wakubwa kwa njia ya Chama. Katika kila kitabu cha makadirio, fungu la msaada liandikwe pamoja na masharti yake: vitu vinunuliwe wapi, vichukuliwe na nani, na sehemu gani ya fedha hurudi zilikotoka. Tena, pale ambapo njaa iko Turkana na mahindi yamejaa Rukwa na Ruvuma, Serikali zetu zidai kwamba mahindi hayo yaulizwe bei kwanza, kabla meli haijaitwa ng'ambo. Na fungu lolote la dawa litegemealo kura za baraza la kigeni lipewe akiba katika fedha zetu wenyewe, japo ya miezi michache, ili siku ya mswada kuanguka mgonjwa asiwe wa kwanza kupata habari.

Matawi yenye la kusema juu ya maombi haya na yaandike kwa Katibu kabla ya mkutano ujao. Twataka hasa barua za wenzetu wa bandari na wa maghala, maana wao ndio walioandika tarehe magunia yalipoingia na tarehe yalipotoka.