Vijia vya Busia na Tororo

Aghalabu itajwapo habari ya matembezi ya mashambani katika nchi ya Busia na Tororo, kandokando ya mpaka wa Kenya na Uganda, fikra za wakubwa huelekea upesi kwenye majabali mawili: lile la Tororo, mabaki ya volkano ya kale yaliyosimama juu ya mji, na lile la Kakapel, upande wa Teso Kaskazini, ambalo kuta zake zimepakwa michoro juu ya michoro na vizazi mbalimbali, na ambalo udongo wake, kwa mujibu wa uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024, ulihifadhi mbegu ya kunde yenye umri wa takriban miaka 2300. Shauri linalofuata ni lile lile: lango, tikiti na mwongozaji.

Silipingi lango la Kakapel. Mchoro uliokwanguliwa na mpita njia apendaye kuandika jina lake haurudi tena, na mlinzi hana budi kulipwa. Ninalolikataa ni kudhani kwamba kwa lango hilo suala la matembezi limekwisha, ilhali suala lenyewe li katika vijia vyembamba vipitavyo kati ya mihogo na mtama kuelekea kisimani, sokoni na kanisani. Shamba likipimwa na kugawiwa wana, kijia ndicho hufa kwanza: huyu apanda ua, yule avuta seng'enge, na mtoto wa shule analazimika kuzunguka kwa barabara kuu akipishana na malori ya mpakani Malaba.

Vijia vyaweza kulindwa, na mfano uko Uingereza. Watu hudhani Waingereza hutembea mashambani kwa sababu wana wasaa na mali. Sivyo. Mwaka 1932 vijana wafanya kazi wa Manchester na jirani zake waliupanda mlima wa Kinder Scout, ambao matajiri waliuhodhi kwa kuwinda ndege, na watano wakatiwa gerezani. Sheria ya mwaka 1949 ndiyo iliyozilazimisha halmashauri kuzichora njia za miguu katika ramani rasmi, na tangu hapo mwenye shamba, awe nani, hawezi kuifunga njia iliyomo humo kwa hiari yake.

Afisa wa forodha atasema kuwa vijia vyetu ni njia za panya, za sukari na mafuta ya magendo. Hoja yake ina uzito mpakani, lakini vijia vilivyo vingi havivuki mpaka wowote. Na hata hivyo vivukavyo, Wasamia na Wateso walitembeleana kwa miguu kabla Waingereza hawajaimega sehemu ya mashariki ya Uganda, mwaka 1902, na kuitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Hoja ya mkulima ni nzito zaidi: konde lake ni dogo, na wageni hukanyaga mazao. Huyo astahili njia yenye upana uliopimwa, ili ajue inapokoma.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya, ya mwaka 2012, inaitambua haki ya njia iliyokuwapo ardhi iliposajiliwa, hata isipoandikwa katika rejista. Lakini haki isiyochorwa popote humlazimu mnyonge kwenda mahakamani kuithibitisha. Basi Bunge la Kaunti ya Busia na halmashauri ya Tororo, kabla ya kuchapisha tikiti nyingine, watume wapimaji pamoja na wazee wa vijiji wakavichore vijia hivyo, na ramani ibandikwe hadharani.