Vidonge vya Buluu

Mwezi uliopita, baada ya hitima moja hapa Glasgow, mzee mwenzangu alinivuta pembeni akanionyesha vidonge vinne vya buluu ndani ya kipande cha nailoni. "Valium hizi, bwana. Wasiwasi wote unakwisha, unalala kama mtoto." Nikamwuliza daktari gani kamwandikia. Akacheka. Kavinunua kwa kijana anayefanya naye kazi ya usiku.

Mimi si daktari, ni mhandisi. Miaka mingi nimekagua bidhaa viwandani, na nasema bila kumung'unya maneno: rangi, umbo na herufi zilizochorwa juu ya kidonge si ushahidi wa chochote. Mashine ya kugandamiza vidonge huagizwa kwa posta kama cherehani. Kigumu ni kuchanganya unga. Aliyewahi kukoroga zege kwa koleo anajua: huku saruji imejaa, kule mchanga mtupu. Kiwanda halali hupima kila fungu kabla halijatoka. Mtu wa gerejini hapimi. Kwa hiyo yule mzee aliponiambia, "Nilishameza viwili, mbona mzima?", hakuwa amethibitisha lolote kuhusu cha tatu.

Na ndani mna nini? Mwaka 2018 Uskochi ilihesabu vifo 1,187 vya madawa ya kulevya, na etizolamu ilihusishwa na 548 kati yake. Kitu hicho hakijaidhinishwa kuwa dawa Uingereza, lakini ndicho kilichokuwa kikiuzwa mitaani kwa jina la Valium. Miaka ya karibuni wapimaji wamekuta hata nitazeni, jamii ya afyuni ya maabara, ambazo baadhi zina nguvu kupita heroini. Pumzi hukatika usingizini, na mke anadhani bwana anakoroma tu.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya walevi wa Kizungu. Yule mzee hajaonja pombe maishani. Ana kesi ya uhamiaji isiyokwisha, na mama mgonjwa Tanga asiyeweza kwenda kumwona.

Mbona haendi kwa daktari? "Watasema nimepata kichaa." Watakaosema ni sisi! Mtu akiugua sukari tunampelekea uji. Akisema moyo unamwenda mbio usiku, tunamwambia imani yake ndogo, au karogwa. Anahofia pia mkalimani atakuwa mtu wa mtaani. Hofu hiyo naielewa, lakini mkalimani wa simu huombwa. Tena Uskochi dawa anazoandika daktari hazilipiwi tangu 2011. Yeye katoa pesa yake.

Anayevimeza kila siku asiache ghafla, anaweza kupatwa na kifafa. Aende akaseme kweli, apunguziwe taratibu. Na mtu asipoamka, pigeni 999 mara moja na mtaje vidonge. Msianze kuulizana jamaa watasemaje.

Nimemwomba mzee anipe vile vilivyobaki, amekataa. Ila Jumanne amekubali twende kliniki. Nimemwahidi nitakaa nje.